Yoga Kwenye Mikeka ya Kilio

Ulikuwa mwaka ule tuliokula bukari, yaani ugali, ya mihogo mitupu. Unga wa mahindi ulipotea Likasi nzima, na ule kidogo uliofika ulinuka gunia. Sisi watu wa Katanga tumezoea bukari nyeupe ya mahindi, inayokatika vizuri mkononi. Ile ya mihogo ilivutika kama mpira, na rangi yake ilikuwa ya wingu la mvua. Tuliila na mboga ya lengalenga, na siku njema na samaki wadogo wakavu. Jirani yangu, ambaye wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, alikuja siku ya kwanza akasimama mlangoni kwangu, akaitazama sahani.

"Sasa munakula sawa na siye," akasema. "Miaka yote munatucheka. Leo nani anacheka?"

"Kaa ule, na weye unyamaze," nikamwambia, nikamsogezea kigoda.

Ndio mwaka nilioanza yoga. Nasema hivyo mapema, mtu asije akafikiri ni mambo ya wenye matumbo yaliyoshiba.

Mimi ni nkambo wa wajukuu kumi na mmoja. Shule nilifika mwaka wa tatu, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Lakini kazi naijua. Mume wangu alikuwa mtu wa kiwanda hapa mtaani Panda, na kiwanda kiliponyamaza, mimi ndiye niliyeibeba nyumba. Niliibeba kwa kichwa, si maneno ya kupamba. Nilikwenda kuchukua makala, yaani makaa ya kupikia, porini, upande wa njia ya Shinkolobwe, nikarudi na gunia kichwani, mkono wa kulia juu umelishika, na mtoto kwenye kiuno cha kushoto amefungwa kwa kitenge. Mtoto mmoja akianza kutembea, mwingine alishapanda mahali pake. Miaka ishirini na zaidi. Hakuna mtu Panda aliyeniona nimeangusha gunia. Mpaka leo nikipita sokoni wazee wananiambia, "Mama, shingo yako ni ya chuma." Siwakatazi.

Halafu kiuno cha kushoto kikaanza kulia. Kwanza nilishindwa kuchuchumaa shambani. Kisha nikashindwa kupiga magoti kanisani, nikawa nasali nimesimama kama askari. Binti yangu akaona, akaniletea kiti cha plastiki. "Mama, umechoka, kaa." Nikiinuka kutafuta chumvi: "Mama, kaa." Nikakaa. Nilikuwa nimeanza kufanana na kile kiti.

Ndipo mjukuu wangu wa kwanza aliporudi kutoka Lubumbashi. Alikuwa amesoma kazi ya kunyoosha viungo vya watu, na huko huko akajifunza yoga. Kwetu, mjukuu wa kike ni mke mwenza wa nkambo wake. Binti yangu hawezi kunishika kiuno wala kusema habari za mwili wangu, ni aibu, mimi nilimzaa. Lakini mke mwenza husema anachotaka, nami humjibu ninavyotaka, na hakuna anayekasirika.

Siku ya pili tu aliokota sandali zangu mlangoni akazigeuza chini juu.

"Mukazi-mwenzangu, angalia. Ya kushoto imelika upande wa inje mpaka imekuwa karatasi. Ya kulia iko mupya. Weye unatembea na muguu moya. Ule mwingine unabebwa."

"Na weye ulisoma miaka yote ile juu ya kuangalia sandali?"

"Njo vile. Fungua kitenge, nione kiuno."

"Hata bwana yangu hakuniambia hivyo siku ya ndoa."

"Bwana yetu alikuwa na haya. Minye sina."

Nikafungua. Akanizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Bega la kulia lilikuwa juu, kiuno cha kushoto kimetoka nje kama ubao wa kuwekea vyombo. Watoto walishuka zamani, ubao ukabaki. "Nguvu iko," akasema, "lakini yote imelala upande moya, sawa gunia yenye haikufungwa muzuri." Gunia lisilofungwa vizuri nalijua. Linakupinda shingo, na ukifika nyumbani unamchapa mtoto asiye na kosa. Hakuna aliyekuwa amenieleza mwili wangu kwa lugha ya magunia. Nikakubali kumfuata.

Kanisa lilimpa ukumbi wake kila Jumamosi asubuhi. Tulikuwa bamama kumi na wawili. Mikeka ya yoga ya dukani hatukuwa nayo, basi tulitandika mikeka ya kilio, ile ya kanisa ambayo wanawake hulalia kwenye msiba. Chini ya vitenge tulivaa suruali za waume zetu, walio hai na waliokufa. Kulikuwa na watu wa sala waliosema yoga ni dawa ya Wahindi ya kuita pepo. Mjukuu wangu hakubishana nao. Aliniambia tu, "Nkambo, ukisikia pepo kwenye kiuno, uniite. Minye nasikia mifupa tu."

Alitufumbisha macho, akauliza uzito wa mwili unaangukia wapi. Mimi nikajibu, kichwani. Wote wakacheka. "Shuka," akasema, "shuka polepole mpaka kwenye nyayo." Ilinichukua Jumamosi tatu kufika kwenye nyayo zangu mwenyewe. Nilizikuta zinasubiri. Ya kulia imekaa chini yote, ya kushoto imesimama kwa ukingo wake, kama mtu aliyekalishwa mwisho wa benchi.

Kusimama kwa mguu mmoja, wa kulia, niliwapita wote. Jirani yangu alianguka kwa matako akanitazama kutoka chini. "Huyu hapana muntu," akasema, "ni poto ya umeme." Nikasikia utamu wa kuitwa nguzo. Kisha tukabadili, na kwenye mguu wa kushoto nikatetemeka kama jani.

Hapo nikakosa, na ni kosa la wanawake wa kambi yetu ya kiwanda. Kwetu, mwenye kushusha mzigo njiani ameaibika. Mzigo hushushwa mlangoni kwako. Basi niliushika ule mguu kama mzigo. Mjukuu alisema, "Shusha, Nkambo." Sikushusha. Bamama wote walishashusha, wamekaa wananitazama, nami nikasema moyoni, waone. Kitu kikalia ndani ya kiuno, ka, kama kuni kavu.

Nililala wiki tatu. Kile kiti cha plastiki nilikitamani kama pepo ya mbinguni.

Mjukuu alikuja kila asubuhi kunikanda. Siku ya kwanza hakutania. Siku ya pili akauliza, "Nilisema usikie mwili. Uliusikia?"

"Niliusikia."

"Ulisema nini?"

"Ulisema niache."

"Na weye?"

"Nilifikiri ni uvivu."

Akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza akanifuta mafuta mgongoni na kusema, taratibu, "Miaka yote hii unaita mwili yako muvivu, na ni yenyewe ilibeba makala."

Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, maana mtu aliyelala hana kazi nyingine. Sijawahi kumtukana mwanamke yeyote Panda jinsi nilivyoutukana mwili wangu. Nilikuwa naoga haraka nisilione tumbo, tumbo la watoto wanane, limening'inia. Wiki ile niliosha tumbo polepole. Ni langu. Lilifanya kazi yake na halikulalamika kwa mtu. Niliporudi ukumbini nilianza kuuliza kabla ya kufanya. Nauliza kushoto kwanza, kwa sababu ndiko kulikonyimwa sauti. Jumamosi nyingine mguu unasema ndiyo, kwa urefu wa sala ya Baba Yetu moja. Nyingine unasema ndiyo, lakini weka vidole viwili ukutani. Nyingine unasema hapana, nami nakaa na hapana yake. Miezi ya baridi haikuisha kabla sijachuchumaa kwenye bustani, visigino chini, nikachuma lengalenga sinia zima, nikainuka bila kushika kitu. Binti yangu aliniangalia. Kisha akakivuta kile kiti akakikalia yeye.

Yoga yetu huishia kwa kulala chali, mikono wazi, kimya. Jumamosi moja mama mmoja alikuwa anatoka upande wa Buluo na beseni la nyanya. Akaona sandali nyingi mlangoni, akachungulia, akaona wanawake wamelala kwenye mikeka ya kilio, hakuna anayesema. Akaweka beseni chini, akavua kitambaa cha kichwa, akaingia analia, "Mama ee, munatuacha na nani," akajitupa kati yangu na jirani yangu.

Jirani hakufungua macho. "Pole, mama. Ni nani amekufa?"

"Sijue. Muniambie nyinyi."

"Hapa hakuna mufu. Tunapumzika."

Mama akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja. "Wote pamoja?"

Hapo ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko, na hilo ndilo lililotuharibia. Machozi ya mtu hayachekwi. Aliondoka na nyanya zake amekasirika, na kabla ya saa kumi Panda yote ilijua kwamba bamama wanajizoeza kufa ndani ya nyumba ya Mungu. Familia moja ilifika na fungu la kuni za kilio. Jumapili komite ya kanisa ikamwita mjukuu wangu: ukumbi utafungwa, isipokuwa kama komite itaona kwa macho faida ya mambo haya. Mwenyekiti angekuja Jumamosi.

Mjukuu hakula vizuri wiki ile. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza, mvua zilikuwa karibu, na Panda hakuna paa lingine la bure linaloweza kufunika wanawake kumi na wawili waliolala. "Nkambo," akaniambia, "weye njo kitabu yangu. Batakusoma weye."

Mwenyekiti alikuja na wenzake wawili, wakakaa kwenye benchi. Alikuwa mtu wa kiwanda pamoja na mume wangu, ananijua tangu siku za magunia. Nikaweka beseni la makala kichwani, nikaachia mikono, nikainua mguu wa kushoto, nikafumba macho. Nilisimama juu ya mguu wa kulia Baba Yetu mbili nzima. Hakuna kaa hata moja lililogonga lingine. Nilipofungua macho wazee wamesimama wanapiga makofi. Sitadanganya, nilifurahi kama bibi arusi.

"Muzuri sana, mama," mwenyekiti akasema. "Sasa ule mwingine."

Nikashusha mguu. Nikauliza. Tangu alfajiri ulikuwa mzito, na jibu lilikuja kabla sijamaliza swali. Jirani akaninong'oneza kwa nyuma, "Kidogo tu, dada. Hata utetemeke." Nilimtazama mke mwenzangu. Alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe.

Nikasema, "Muguu umesema hapana. Minye siulazimishe."

Mwenyekiti alidhani ni utani. "Weye, mama? Nilikuona na magunia."

"Yale magunia uliyoyaona ndiyo yaliyonipinda," nikamjibu. Nikashusha beseni. Nikachuchumaa mbele yake mpaka chini, nikainuka. Nikapiga magoti, nikainuka, mikono hewani. Nikamwambia haya yote yalinishinda, na binti yangu ni shahidi. Alitikisa kichwa kwa heshima, lakini wanaume wa komite wanapenda kitu kilicho juu. Wakatoka nje kushauriana. Waliporudi walisema ukumbi unafungwa hadi Noeli. Siku ya Noeli nisimame mbele ya kanisa zima, mguu huu na mguu ule, na ufunguo utakuwa wetu mwaka mzima.

Njiani mjukuu alibeba beseni mwenyewe, kwa mikono miwili, shingo mbele kama kuku.

"Umenikosesha ukumbi," akasema.

"Ndiyo."

"Ungesimama, ningekukanda wiki tatu zingine."

"Ndiyo."

"Basi."

Tangu siku hiyo tunafanya yoga kwenye uwanja wangu, kati ya mahindi na kamba ya nguo. Mvua ikija, veranda inachukua watano, wengine wanasimama jikoni na kunyoosha mikono kati ya masufuria. Jirani yangu amelowa mara mbili, na ananiambia kila mara: ilikuwa kusimama dakika moya tu, tukae pakavu. Simlaumu, kwa habari ya mvua anasema kweli. Na kila Jumamosi yeye ndiye anayefika wa kwanza.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mwenyekiti alinizuia uani mwa kanisa. Watu walikuwa wengi, binti yangu yuko, jirani yuko, mjukuu yuko. Akatoa ufunguo mfukoni akautikisa.

"Mama, kwa nini tungoje Noeli? Simama hapa hapa, kila mtu anaona. Muguu ya kuume, muguu ya kushoto, unauchukua."

Jirani alinifinya mkono. Watu wakafanya duara, na mtoto mmoja akapandishwa mabegani aone vizuri. Nikaweka uzito wangu kushoto, polepole, juu ya changarawe, mbele yao wote, nikauliza kama ninavyouliza siku zote. Nikangoja mpaka nikajibiwa. Kisha nikainua kichwa.

"Muguu umesema hapana. Minye siulazimishe."