Ua Linalokunja Pua

Nilipangiwa kufundisha biolojia Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kwa hulka yangu ya kununa nikajikuta sina wa kuongea naye. Nilipanga chumba mtaa wa Kawajense. Jirani zangu wengi walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, watu wa salamu ndefu ambazo mimi nilizikatisha njiani. Jioni nilipika wali wa mtu mmoja, nikawasha redio, kisha nikafungua kamusi.

Kamusi hiyo nene ya Kiingereza, aliyoisoma mwenyewe miaka mingi, alinipa baba, karani mstaafu aliyekuwa akiishi Dodoma. Alipenda kujua maneno yametoka wapi. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akinitega: "'Daisy' ni nini?" Nami najibu kwamba ni ua, na jina lake zamani lilikuwa jicho la mchana, maana hufunguka kukicha na kufumba jua likizama. "Na 'stamen'?" Uzi wa mfumaji, kwa Kilatini, ndizo zile nyuzi zenye chavua katikati ya ua. Nilipomtega yeye, alijibu kabla sijamaliza, akacheka kunichokoza. Kumshinda mara moja tu, hiyo ndiyo ilikuwa tamaa yangu.

Darasani nilijaribu kupata mwenzangu wa mchezo huo. Nikachora ua ubaoni, nikaeleza kwamba 'petal' kwa Wagiriki lilikuwa jani tu, na kwamba 'geranium' limetokana na korongo, kwa sababu tunda lake limechongoka kama mdomo wa ndege huyo. Mkono mmoja ukanyooka nyuma.

"Mwalimu, hiyo inakuja kwenye mtihani?"

Nikasema hapana, kalamu zote zikawekwa chini. Niliudhika wiki nzima.

Ndipo nikalipata neno. 'Nasturtium': mmea wa maua wenye ladha kali, na kwa Kilatini maana yake ni kinachokunja pua. Nilijua baba halijui, kwa sababu kurasa mbili za kamusi zilikuwa zimegandana na mimi ndiye niliyezibandua kwa wembe. Nilicheka peke yangu hadi nikaona aibu. Likizo ilikuwa karibu. Ningepanda treni, ningeingia uani, na hata kabla ya shikamoo ningemtega.

Wiki hiyohiyo, kwenye matangazo ya vifo redioni, nikasikia jina la baba, kisha langu: mtoto wake aliyeko Mpanda apate habari. Mazishi yalikuwa kesho yake. Treni ilikuwa keshokutwa.

Sikumwambia mtu. Lakini redio ni ya wote, na asubuhi nikakuta jirani wameshajaa uani, wanashusha kuni. Msiba ukawekwa kwangu kana kwamba baba amefia chumbani mwangu. Wanaume wakakalia magogo, wanawake wakatandika mikeka. Niliona haya kusongewa ugali na watu niliokuwa nikizikimbia salamu zao.

Ukafika wakati wa mfiwa kueleza marehemu aliugua nini. Nikasema ukweli, kwamba sijui. Watu wakatazama chini. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akasema, "Basi, mwalimu, tuambie nyie wawili mlikuwa mnaongea nini."

Nikawasimulia mchezo wetu. Jicho la mchana walilipenda, wakaniuliza ua hilo likoje, ikabidi nikiri kwamba sijawahi kuliona, na baba pia hakuwahi. Nilipofika kwenye lile linalokunja pua, mzee mmoja akaikunja yake, watu wakacheka palepale msibani. Nikawaambia kwamba hilo nilikuwa nimemwekea baba, na sikuwahi kumuuliza.

Kicheko kikaisha. Bibi akaniwekea mkono gotini.

"Pole, mwanangu. Sasa nani atakuwa anakuuliza?"

Nikalia kwa sauti, na hakuna aliyeninyamazisha.