Gobore Lililonukia Kibuyu

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa mlimani Meru Mjerumani akiwa bado ametukalia, mtu hakununua kitu kwa kukitazama rangi. Juzi mjukuu wangu alikwenda Arusha mjini kununua baiskeli, akapiga kengele mara mbili, akalipa. Mnyororo ulikatika kabla hajafika Kikatiti. Sisi, mbuzi tulimfungua mdomo, tukamhesabu meno, tukampapasa mbavu, tukamtembeza, tukamwacha alale, kesho yake tukaanza upya.

Nakumbuka asubuhi za baridi, ukungu umekaa juu ya migomba mpaka jua lipande. Tuliteleza mtelemkoni tukiwa tumekalia magome ya migomba, tukirudi nyumbani makalio yamejaa tope na mama anatusubiri na fimbo ambayo hakuwahi kuitumia. Jioni tulikula ndizi zilizopondwa na maharage, na aliyemega kabla ya baba alirudishwa mkono kwa jicho tu.

Baba alikuwa na gobore. Ilikuwa bunduki ya zamani ya kushindilia baruti kwa mdomoni, ikitema marisau, zile chembe ndogo za risasi. Aliipata kwa mchuuzi mmoja Mswahili kwa kumpa fahali wake, na wakubwa wa boma la serikali wakamruhusu akae nayo kwa sababu nguruwe mwitu na nyani walikuwa wanatumaliza mashambani. Siku ilipoingia nyumbani aliipokea kama tulivyopokea mtamba mpya. Alichukua pombe ya asali, akapiga funda, akaitemea baraka mdomoni mwa mtutu, kisha akamimina na iliyobaki. Tulipiga vigelegele. Hakuna aliyeona ajabu, maana chochote kilichoingia bomani mwetu bila baraka kilihesabiwa bado ni cha mwenyewe wa kwanza. Na kila mwaka, mvua zikianza, baba aliibariki tena.

Mama naye alikuwa na kazi yake. Kila asubuhi alisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, akakisugua ndani mpaka kibuyu kikanukia moshi mtamu. Kwa kuwa gobore lilikuwa na mdomo na tumbo kama kibuyu, alilisafisha hivyo hivyo. Kitako alikipaka mafuta ya ng'ombe kikang'aa. Baba alifyatua mara chache miaka ile ya mwanzo. Baada ya hapo nyani walikimbia wakimwona tu amelibeba begani, naye akaacha kupoteza baruti. Majirani walikuja kulitazama kila sikukuu. Nilijiona binti wa mtu mkubwa.

Kisha mama akafa. Alifariki kwa uzazi, akatuachia mtoto wa kiume ambaye alikuwa hata hajapewa jina, kwa sababu kwetu jina lilisubiri mama atoke ndani baada ya siku za uzazi. Ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa. Nilikuwa msichana wa kutosha kubeba mtoto mgongoni, basi nilimzungusha kwa majirani kuomba maziwa. Walitoa walichoweza, lakini nao walikuwa na watoto. Mdogo wangu alilia kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo.

Baba akasema gobore litoke. Alipata habari za Lebulu, mfugaji wa upande wa magharibi, chini kule tambarare za Sombetini, ambaye chui alikuwa anamlia ndama na alitaka bunduki. Lebulu alikuja na ng'ombe mwekundu mwenye ndama, akamfunga kwenye mimea ya masale ya ua wetu. Chuchu zilikuwa zinadondosha maziwa. Nilisimama na mtoto mgongoni nikawa nayatazama yakiingia ardhini.

Lebulu alifuatana na Mzee Juma, Mnyamwezi aliyezeeka akiwabebea Wazungu bunduki za kuwindia. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akamtazama mtoto, akakaa kwenye kigoda.

Baba alimkagua ng'ombe kwa muda mfupi tu. Mzee Juma hakuharakishwa. Alilipima gobore kwa mikono akitafuta uzito umeegemea wapi. Alivuta mtambo, akausikiliza ukirudi, akatikisa kichwa kuridhika. Alikisifu kitako. Baba akanitupia jicho, na mimi moyoni nikaanza kumkamua yule ng'ombe.

Halafu akagonga mtutu kwa ukucha, juu mpaka chini, kama mtu anayechagua chungu sokoni. Karibu na kitako mlio ulibadilika. Akagonga tena hapo. Akatoa msumari mwembamba, akaukandamiza kwa kidole gumba, na msumari ukaingia ndani ya chuma.

"Baba Ndeshi," alisema polepole, akimwita baba kwa jina langu, "hii ilikuwa bunduki nzuri sana. Nani aliitia majimaji?"

"Niliibariki," baba akajibu.

"Kwa maji?"

"Kwa pombe ya asali. Kila mwaka."

Mzee Juma hakucheka. Nimemshukuru kwa hilo maisha yangu yote. Alifunga kitambaa kwenye ufito, akakisukuma ndani, akakivuta. Kilitoka chekundu kwa kutu na cheusi kwa masizi. Akakinusa, akashangaa.

"Na moshi huu?"

"Huyo ni mama yao," baba alisema.

Kitambaa kilipita mkononi mwangu. Kilinukia kibuyu. Kilinukia asubuhi, mama ameinama karibu na moto, na nikalia mbele ya wageni bila haya. Mtoto mgongoni aliacha kulia kidogo, nadhani naye aliisikia ile harufu.

"Ukiifyatua," Mzee Juma alimwambia baba, "itakuondoa uso."

Lebulu aliinuka akamwendea ng'ombe wake. Alikuwa mtu mwema, lakini naye alikuwa na watoto, na gobore lile lisingemfukuza chui. Alikamua ng'ombe wake hapo hapo, akajaza kibuyu, akanipa. Kisha akamfungua. Nilisikia ndama akimfuata mama yake mpaka njia ilipokata kona.

Maziwa yale mdogo wangu aliyanywa yote. Hayakumfikisha kwenye mavuno. Tulimzika migombani, karibu na mama, bado hana jina. Baba hakutemea tena kitu chochote baraka, hata sisi watoto wake tulipoolewa. Aliwaomba wazee wengine wafanye.

Siku hizi maziwa yanapita nyumbani kwangu kwenye madumu, na vitukuu wangu wanaacha nusu kikombe kwa sababu yana utando. Mimi huyanywa wakishaondoka. Mjukuu yule wa baiskeli amelikuta gobore darini. Anasema, "Bibi, kuna watu mjini wanapenda vya kale, ngoja nilisugue kutu ndani litapata bei." Ameshaleta mafuta ya taa na brashi.

Nimemnyang'anya brashi. Ameniuliza ina thamani gani bunduki isiyopiga. Ningemweleza habari za chuma angenielewa. Lakini harufu ya moshi wa mama ningemwonyesha wapi? Vibuyu vyake vilipasuka zamani, na pua yangu imezeeka, siku nyingi sisikii humo ila kutu. Nimemwambia tu alirudishe lilipokuwa, na asiingize kitu mdomoni mwa mtutu.