Rweya ya Ma Kokugonza

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Muleba nimevaa viatu vya kisigino, na Afisa Kilimo wa Wilaya alivitazama kabla hajanitazama usoni. "Binti, hivyo ni vya kanisani," alisema. "Kesho njoo na gambuti." Halafu akanipa somo nililolitumia hadi nastaafu. "Ukifika kwa mtu usiulize bustani iko wapi. Zunguka nyuma ya jiko, pale wanapomwaga maji ya vyombo. Mboga ziko hapo. Anza na hizo."

Nikapangiwa Nshamba. Huko walizoea kwamba mtaalamu wa kilimo ni mwanaume, basi nami wakaniita Bwana Shamba hivyo hivyo, na gauni langu. "Bwana Shamba ana mimba," nilisikia siku moja dukani, na hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Kazi yangu ilikuwa mboga za matunda: nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili hoho. Hizi zinataka jua, na kibanja cha Mhaya ni kivuli, migomba na kahawa vimeikumbatia nyumba pande zote. Ndiyo maana akina mama walikwenda kulima rweya, kwenye nyika nje ya kijiji, ambako udongo umechoka na samadi inabebwa kichwani. Kibanja ni cha baba, naye aliachiwa na baba yake. Kumwambia mtu kibanja chake kimekuwa rweya ni tusi.

Kisha ukaingia unyanjano, ule mnyauko unaoozesha ndizi zikiwa bado mgombani. Hauna dawa. Mgomba unang'olewa, unafukiwa, na mahali pake hapapandwi mgomba mwingine hadi ugonjwa uishe udongoni. Kwa Mzee Rwegasira ulipita upande wote wa jikoni, pakawa peupe hata mtu wa barabarani aliuona mlango wa nyumba. Wajukuu walikuwa wengi na chakula chao kilikuwa ndizi. Mkewe, Ma Kokugonza, alitaka papandwe mboga mara moja, ili watoto wapate kula na nyingine ziende sokoni.

"Kibanja cha baba yangu hakiwi rweya," mzee alisema. "Bora pakae hivyo hivyo."

"Pakikaa hivyo hivyo watoto watakula nini, waitu?" Ma Kokugonza aliuliza, kwa neno hilo la heshima la Kihaya, lakini hakuinamisha macho.

Mzee akanigeukia. "Bwana Shamba, unasemaje?"

Niliogopa, maana nyumba yote ilikuwa inaningoja. Nikasema, "Pakiachwa, waitu, magugu yatakula udongo wa migomba yako. Nyanya ni wageni tu. Zitakaa, zitaondoka, na samadi zitaiacha."

Alichukua punje za kahawa kavu, ile ya kukaribishia wageni, akazitafuna. "Zikae," akasema. "Lakini mimi sizigusi."

Nimefanya kazi na wakulima wengi, ila mikono kama ya yule mama sijaiona tena. Kitaluni alizoesha miche jua kwa kupunguza nyasi za kivuli kidogo kidogo kabla ya kuihamisha. Vichipukizi vinavyoota kwapani mwa jani alivinyofoa kwa kucha vikiwa vidogo, ili nguvu iende kwenye matunda. Matandazo aliyatandika bila kugusa shina, na majani ya chini akayaondoa ili tope la mvua lisiyarukie, maana huko ndiko ukungu unakoanzia. Mavuno yalipokuja, wajukuu walikula, na kikapu cha soko kilirudi kitupu, kila kitu kimeuzwa. Nilijisikia fahari kana kwamba nimezaa mimi.

Asubuhi moja nikamkuta mzee anachomeka miti ya kuegemezea nyanya zilizolemewa.

"Umezigusa, waitu!"

"Sijagusa nyanya," alinijibu. "Nimegusa mti."

Udongo ulipopona niliwapelekea miche safi ya migomba. Wakati huo nilikuwa na barua ya uhamisho kwenda Bukoba, hivyo nilibaki kutazama mzee akipanda na mwanawe. Walipofika kwenye nyanya, nyuma ya jiko, kijana akainua jembe.

"Hapo usichimbe," mzee alisema.

"Kwa nini, tata? Miche bado ipo."

"Hiyo ni rweya ya mama yako."

Ma Kokugonza alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Aliingia ndani haraka, na sikumwona uso.

Bukoba nilifanya kazi chini ya wakubwa wengine, wazuri wote, hadi nilipostaafu na kujenga Nshambya, hapo hapo mjini Bukoba. Nasikia vijana wa ugani siku hizi wanatuma ushauri kwa simu, nami nawaonea wivu kidogo. Watembee pia, wakazunguke nyuma ya jiko.

Nyuma ya jiko langu kuna mahali pasipo na mgomba hata mmoja. Wageni wakiuliza kwa nini kibanja kina uwazi, mume wangu hujibu kabla yangu.

"Hiyo ni rweya ya Bwana Shamba."