Neno Nililoandika Ubaoni

Barua ya mwaliko ilikuja kwa Kiingereza. Waimbaji kutoka Nairobi wangeimba opera katika ukumbi mmoja kule Milimani, Nakuru, na shule yetu ya huku Molo ilikuwa imetengewa viti. Wanafunzi waje tayari kuihakiki, barua ilisema, na yule ambaye maoni yake yangewagusa waimbaji, wao wangemfundisha kuimba likizo nzima, bure. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na muziki. Neno kuhakiki nalijua, ndilo linaloniweka mjini. Lakini siku hiyo nilichukua chaki nikaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, KUKOSOA.

Sikuteleza, niseme ukweli. Miaka mingi nimepeleka kwaya kwenye mashindano, na miaka mingi nimekaa kwenye benchi nikimsikiliza mwamuzi akianza, "Mmejaribu, lakini..." Kuna mmoja aliyesema watoto wangu wanaimba kama watu wanaofukuzwa na mbwa. Ukumbi mzima ukacheka. Nilirudi Molo na hasira ambayo sijui kama imeisha hata leo. Sasa kwa mara ya kwanza watoto wangu ndio wangekaa kwenye kiti cha mwamuzi, na nilitaka hao wa Nairobi wajue kwamba huku kwenye baridi na viazi hatujalala.

Basi nikachora karatasi ya safu nne: sauti, matamshi, mavazi, mwendo jukwaani. Kila safu ilikuwa na nafasi ya makosa. Nafasi ya mazuri sikuweka, wala sikuikumbuka. Tulijiandaa wiki mbili. Niliwaambia opera ni mchezo unaoimbwa mwanzo mpaka mwisho, hata mtu akiomba maji ya kunywa anaimba.

"Ala! Kwani hawezi kusema tu?" mmoja akauliza, na darasa likaangua kicheko.

Niliwaonyesha vipande vya opera kwenye simu yangu, tukawa tunasimamisha na kutafuta makosa. Wakawa wakali, jameni! Hata mkuu wa shule akihutubia gwaride, nilikuwa nawaona wakinong'onezana, "Matamshi!" Nilijisikia raha sana.

Mmoja tu ndiye ambaye hakushika. Alikuwa msichana wa Gredi ya Nane, analelewa na nyanya yake kwenye shamba la viazi kule juu, na ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo katika kwaya. Sauti yake, haki ya Mungu, ilikuwa inanifanya nisahau kuhesabu mapigo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika mwisho wa ninachojua. Sikuwa na kingine cha kumfundisha. Nafasi ile ya likizo nilitaka iwe yake, tangu dakika niliposoma barua. Kilichobaki ni aandike vizuri tu.

Siku yenyewe tulikaa mstari wa tatu. Hadithi, tulivyoelezwa kabla haijaanza, ilikuwa ya mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea, na iliimbwa kwa Kiitaliano, hatukuelewa hata neno. Wenzake yule msichana waliinamia karatasi, kalamu zinakimbia. Yeye aliiweka yake chini. Mama yule wa jukwaani alipofika kwenye wimbo wa kukata tamaa, niligeuka nikamwona msichana wangu ameinua uso, mdomo umefunguka kidogo, machozi yanamtiririka na wala hayafuti. Na mimi, mwalimu mzima wa muziki, nikawaza nini? Nikawaza: huyu leo ataniaibisha.

Mchezo ulipoisha nilikusanya karatasi. Yake ilikuwa tupu, safu zote nne. Nyuma yake alikuwa ameandika: "Akivuta pumzi, na mimi nilikuwa navuta. Sikutaka amalize."

"Hii ni nini?" nikamuuliza pale pale, mbele ya wenzake. "Hata kosa moja hukuona? Ama ulikuwa umelala?"

"Sikulala, Mwalimu."

"Hujajibu swali."

Nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwenye mkoba wangu. Zile nyingine nikampelekea mwimbaji aliyekuwa mama kwenye mchezo. Alizisoma akiwa amesimama, jasho bado liko usoni. Akasoma ya kwanza, ya pili, ya tano. "Wako makini kweli," akasema. Nikafurahi, mjinga mimi. Kisha akashusha sauti, akaniuliza kama mtu anayeomba kitu: "Lakini Mwalimu, hakuna hata mmoja aliyesikia chochote?"

Mkoba ulikuwa begani. Ilikuwa ni kufungua zipu tu. Lakini kuitoa ingekuwa ni kukiri kwamba nilikuwa nimeificha, na kwamba katika watoto wangu wote aliyeelewa ni yule mmoja niliyemgombeza. Nikasema, "Ndizo zote." Msichana alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, na alisikia. Nafasi ilimwendea mtoto wa shule nyingine.

Nimejaribu kujitetea kwa njia nyingi tangu hapo. Kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba basi lilikuwa linangoja, kwamba watoto husahau. Hakuna hata moja linalosimama. Nilimnyima mtoto kitu chake kwa sababu ya kiburi changu, basi.

Muhula uliofuata msichana yule hakuja kwenye kwaya. Nilingoja wiki ya kwanza, ya pili. Nilipokutana na nyanya yake sokoni aliniambia kwamba hata kanisani siku hizi anafungua mdomo tu, sauti haitoki. Nikamwita ofisini. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha, nimeyapanga maneno tangu asubuhi, lakini alipoingia nikaanza na utani, kama kawaida yangu: "Naona umetuhama siku hizi!"

Hakucheka, na hakuwa na kinyongo pia. Alifungua daftari lake akatoa karatasi, akaniwekea mezani kwa mikono miwili. Alikuwa ameichora mwenyewe kwa rula: safu nne, kila safu na nafasi ya makosa. Alikuwa amejirekodi akiimba, kwa simu ya nyanya yake, akajisikiliza, akajaza.

"Sasa nimeelewa, Mwalimu," alisema. "Nayaona."

Nilisoma. Pumzi inakatika kwenye sauti za juu. Nachanganya r na l. Naanza nikitetemeka. Sweta ina shimo kwenye kiwiko. Mikono haina pa kwenda. Alikuwa amejaza mpaka chini, kwa mwandiko wake mzuri, na hakuna hata kosa moja alilosingizia. Yote yalikuwa kweli. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kusahihisha.

Alisimama pale kwa adabu, akingoja. Mwishowe akauliza, "Mwalimu, sasa utanipa ngapi?"