Gego la Kulwa Lavuka Maji

Nilitoka Magu kwa sababu binti yangu Kulwa, mwenye miaka sita, alikuwa amefunga mdomo. Jino la kwanza lilipomwuma, watu wazima wanne walimshika mikono na miguu likang'olewa. Sasa gego jingine lilikuwa limetoboka, naye akaamua kuwa kinywa chake hakiguswi tena. Uji aliunywa kwa upande mmoja, ugali aliutazama tu. Mama yangu alitoa hukumu: "Mpeleke likang'olewe. La utoto hilo, litaota lingine." Nikaapa kwamba safari hii hatashikwa mtoto.

Saa nne asubuhi tulikuwa Mwanza, kwa daktari wa meno ambaye ukuta wake ulijaa vyeti. Alitupokea vizuri na kutueleza kwa ufasaha mkubwa. Jino la mtoto, alisema, siku hizi unakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha mkono, bila sindano wala mashine, kisha unaziba. Wakati mwingine hukwangui hata kidogo; unalivisha jino kofia ya chuma, uozo unafia humo ndani kwa njaa. Nilifurahi kama niliyesikia Injili.

"Basi mfanyie, daktari."

"Hapa tunang'oa."

"Lakini umesomea?"

"Sana tu. Kwenye mafunzo nilikuwa wa kwanza. Ila Baba Kulwa, wazazi wenyewe wanaingia wakisema ng'oa. Nikianza kukwangua, benchi zima linanung'unika." Wakati huo koleo lilikuwa tayari mkononi. Kulwa akauma meno. Kwa huruma, daktari akatuelekeza kwa mwenzake aliyekuwa naye kwenye mafunzo, ng'ambo ya maji. "Yule," alisema akitikisa kichwa, "aliyachukulia kwa uzito."

Kwenye kivuko cha Kamanga Kulwa alikaa mkono shavuni. Mama mmoja alimpa karanga, akageuza uso. Niliumia kumwona mtoto anakataa karanga.

Ng'ambo tulimkuta daktari mwenyewe, mwanamke mcheshi. Kulwa alimwamkia kupitia mwanya wa meno.

"Marahaba. Huo mdomo umepigwa kufuli? Haya, shika kioo, tumkague baba kwanza."

Nikakaguliwa na binti yangu, akanikuta na matobo mawili. Baada ya hapo alipanda kiti. Daktari alikwangua taratibu, akaziba, akamwuliza kama imeuma.

"Mkono tu," alisema Kulwa. "Baba ameufinya."

Kabla ya kurudi alikula sato mzima, akafyonza na kichwa. Sikumbuki lini nimefurahi hivyo.

Jioni Magu, ukoo ulikuwa umekusanyika kutupokea.

"Jino liko wapi?" aliuliza mama.

"Limo kinywani. Limetibiwa."

"Na hakulia?"

"Hakulia."

Walitazamana, wakanionea huruma. Shangazi akasema wajanja wa mjini wamekula hela yangu bure.

Kesho yake nilishinda kwenye majaruba ya mpunga. Niliporudi, Kulwa alikuwa amekaa mlangoni na pamba mdomoni, hataki kuniangalia. Mama alinieleza kwa fahari kwamba amekwenda kumalizia kazi niliyoiacha nusu, kwa daktari wa hapa hapa.

"Naye akakubali?"

"Tena aliisifu kazi ya kule. Alisema jino limezibwa vizuri kabisa, hata yeye amesomea kazi hiyo. Ndipo akang'oa."

Mtaniuliza nimejifunza nini ng'ambo ya maji. Nimejifunza kuwa jino la mtoto linatibika bila kilio, na kwamba madaktari wetu wanalijua hilo kwa moyo. Ningejua mapema, safari yenyewe ningeianzia sebuleni kwa mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa bado anamsifu mjukuu wake.

"Safari hii hakushikwa na mtu," alisema. "Alipanda kiti mwenyewe, akamwamkia daktari, akafungua mdomo hata kabla hajaambiwa."