Kiazi Kikuu cha Mpakani

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu. Nilikuwa bwana shamba mpya, viatu vinang'aa, nimetumwa kufundisha wakulima wa kahawa karibu na Kianjai. Afisa wa Kilimo wa Wilaya alikuwa ameniaga kwa maneno machache: "Kijana, kahawa haitaki jirani. Ukiona kitu kingine katikati ya mistari, kitoke!"

Shamba la kwanza lilikuwa la Mzee M'Thuranira. Nikamwonyesha jinsi ya kuondoa maotea, yaani vile vitawi vinavyonyonya nguvu ya mti bila kuzaa. Alisikiliza vizuri. Kisha nikaona mmea umetambaa juu ya mti wa mringaringa katikati ya kahawa. Nikakumbuka amri ya mkubwa. Nikashika shina, nikang'oa na mizizi yake yote.

Kilikuwa kiazi kikuu, gikwa kwa Kimeru. Mimi nililelewa mtaa wa Dallas, pale Embu mjini, nikikijua kikiwa sahanini tu. Mke wa Mzee, Mama Karimi, alishika kichwa. Mzee alinitazama, akatazama lile shimo, akacheka mpaka akaketi chini.

"Ai, Bwana Shamba! Umeng'oa chakula cha wageni, na mgeni ni wewe!"

Angeweza kunishtaki kwa mkubwa nikapoteza kazi. Badala yake alinipa adhabu ya kupanda kingine, kwa mbegu aliyoachiwa na babake, kwenye mpaka wa shamba ambako kahawa haifiki, chini ya mringaringa mwingine wa kukitambalisha. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ambayo chuoni hawakunifundisha. Gikwa hakichimbwi chote. Unafukua ubavuni kwa kijiti kilichochongwa ncha, maana jembe linajeruhi. Unakata sehemu ya chini ukapike, lakini kichwa kinabaki kimeshikana na shina, unakirudishia udongo, kinakua tena. Kwa njia hiyo kimoja kinaweza kulisha nyumba miaka na miaka.

Mimi kila nikijaribu, kichwa kinakatika. Mzee huyo anacheka! "Serikali inakulipa kweli?"

Nilihamishwa Mbeere, nikafundisha mtama na mbuzi chini ya mkubwa mkali aliyependa ripoti kuliko mvua. Nikarudi Meru. Nilipostaafu nilikuwa nimeshanunua kipande cha ardhi upande wa pili wa ule mpaka, na watu wa Embu wakaniuliza nimerogwa na nani. Nilitaka kuwa jirani ya yule mzee, basi. Asubuhi ananisalimia kwa Kimeru kutoka kwake, "Muuga, Bwana Shamba!", tunakunywa chai ya rangi, tunabishana juu ya mbolea. Nilimpenda sana, na nilimwambia.

Mwezi uliopita alifariki, amelala tu, uzee umemtosha. Siku ya mazishi wageni walijaa. Wanawe walichukua majembe kwenda mpakani kuchimba kile gikwa nilichopanda, wageni wapikiwe, Mama Karimi akawazuia.

"Wekeni chini. Mzee alisema hicho kitachimbwa na Bwana Shamba. Mwingine asikiguse."

"Mama, nitakivunja," nikamwambia. "Na mbegu ya babake imebaki hiyo peke yake."

"Alijua. Alisema utasema hivyo hivyo."

Nikapiga magoti na suruali yangu ya suti. Watu wakanizunguka, wengine wakinong'ona, "Huyu? Maskini gikwa!" Nikafukua kwa kijiti, polepole, ubavuni, jasho likiniingia machoni. Sauti yake niliisikia masikioni: usiharakishe, hakikimbii. Nikafika chini, nikakata. Kipande kikatoka kizito, cheupe pale nilipokikata. Nikapapasa juu kwa vidole. Kichwa kilikuwa kizima, kimeshikana na shina lake.

Nikainua uso haraka kumwonyesha Mzee, kama kawaida yangu, nikakuta ule mringaringa tu.

Sijui ningekaa hapo mpaka saa ngapi. Mama Karimi, mwenye kilemba cha msiba, aliinama akachungulia shimo, akashika kiuno, akapaza sauti ua mzima usikie:

"M'Thuranira! Bwana Shamba amehitimu!"

Watu walicheka, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikacheka machozi yakinitiririka. Kisha nikakifunika kile kichwa kwa mikono yangu, udongo kidogo kidogo, kama alivyonifundisha.