Msimu Ambao Paskalina Alipita Njia ya Msituni

Kila nikisikia harufu ya samadi mbichi, miguu yangu huwa ya baridi. Huwa ya baridi kweli, hata nikiwa nimevaa soksi. Shule yetu ya msingi ilikuwa juu ya Karatu, pale mashamba yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Sakafu ya darasa ilikuwa ya udongo, na kila Ijumaa sisi wasichana tuliisiriba kwa samadi ili vumbi litulie na viroboto wakose pa kukaa. Jumatatu tulipoingia, harufu ile ilikuwa imechanganyika na ukungu uliopita madirishani, maana madirisha yenyewe yalikuwa matundu tu, na tulikaa humo pekupeku tukisugua mguu kwa mguu. Watu wa mjini hawaamini nikiwaambia kwamba Julai na Agosti kwetu ni miezi ya kutetemeka. Ukungu ulishuka alfajiri kutoka ukingo wa kreta, na saa nne ulikuwa bado umetukalia. Mwalimu aliandika ubaoni, na waliokaa nyuma walinakili kwa kukisia. Ndivyo ulivyokuwa msimu ninaotaka kuusimulia, mwaka niliokuwa darasa la saba, mwishoni mwa miaka ya sabini.

Nilikaa dawati moja na Paskalina. Nyumba zetu zilitenganishwa na bonde dogo, na tangu darasa la kwanza tulikwenda shule pamoja, tukirudi pamoja, tukigombana njiani na kupatana kabla ya kufika. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye mwandiko mzuri uliomfanya Mwalimu Anaeli ainue daftari lake juu ili sote tuone haya. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Darasa la tano wa kwanza na wa pili, darasa la sita vilevile. Nikikesha na vitabu, yeye wa kwanza; asiposoma kwa sababu ng'ombe wamepotea, yeye wa kwanza. Nilimpenda, na nilikuwa namwonea wivu, na sikuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Wakati ule shule kama yetu ikitoa msichana mmoja kwenda sekondari, kijiji kizima kilimzungumzia mpaka mavuno. Hakuna aliyetuambia kwamba nafasi ni moja, lakini tulijua hesabu.

Mwishoni mwa Juni mdogo wake Paskalina akafariki. Alikuwa kitinda mimba, bado ananyonya, na aliondoka kwa homa ya siku mbili. Kwetu sisi Wairaqw, nyumba ikipatwa na kifo cha namna hiyo, wazee waliiweka kando, na hali hiyo tuliiita metimani. Watu wa nyumba hiyo hawakushikana mikono na jirani, hawakuchota maji pamoja na wengine, ng'ombe wao hawakuchanganywa malishoni, na hawakupita njia inayopitwa na watu. Ilikuwa hivyo mpaka wazee waseme imetosha, na mara nyingi walingoja mpaka mama apate mimba nyingine. Hawakuwa wakiadhibiwa, na hakuna aliyewachukia. Watu waliamini tu kwamba kifo cha mtoto mchanga hutafuta mwenzake, na kwamba hutembea na mtu aliyetoka nacho nyumbani. Katekista alihubiri kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mama yangu aliimba kwaya Jumapili, akaitikia amina kwa sauti, na Jumatatu alizunguka kilima kizima asikanyage nyayo za mama Paskalina.

Simcheki mama, ingawa tabia yangu ni kucheka. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya mdogo wangu Tluway, na Tluway alikuwa na miezi minne tu. Asubuhi ile ya kwanza baada ya msiba alinishika mabega mlangoni, akaniambia kwa lugha ya nyumbani maneno ambayo nayakumbuka yote: nisimguse Paskalina, nisile naye, nisinywe kikombe alichonywea, na nikirudi ninawe mtoni kabla sijavuka kizingiti. "Ukinisahau mimi, mkumbuke huyu," alisema, akanionyesha mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo, kila nilipomnyanyua Tluway, nilihesabu pumzi zake.

Paskalina hakuacha shule. Kwa kuwa hakuruhusiwa kupita njia yetu, alipita njia ya msituni, akitembea peke yake pembezoni mwa miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, mahali ambapo mbogo hushinda wakati wa ukungu. Mbogo ukimwona mapema una nafasi; ukimsikia tu, umechelewa. Kila asubuhi kengele ilipogongwa, yaani kipande cha rimu ya gari kilichoning'inizwa mtini, tuligeuka wote kutazama upande wa msitu. Tulisikia majani yakikatika, tukasubiri, halafu akatokea, sketi imelowa mpaka kiunoni, daftari amelificha ndani ya blauzi. Sijui wenzangu walikuwa wakiomba nini. Mimi niliomba atokee, na kuna siku, Mungu anisamehe, nilikuwa sina hakika naomba nini.

Mwalimu Anaeli alitoka Kilimanjaro na alitupenda kwa ukali. Wenzangu walipoanza kusogeza madawati yao mbali na letu, aliyarudisha kwa mikono yake mwenyewe. "Hapa ni shule," alisema. "Mambo ya kutengana muyaache kwenu." Hakujua kwamba kwetu ndiko tulikokuja nako, kila mmoja na lake kifuani. Isitoshe sheria ilikuwa kali: mzazi asiyemleta mtoto shule alifuatwa na mgambo. Baba yake Paskalina alikuwa amebanwa pande mbili, akimtoa anakamatwa, akimwacha anatazamwa na kijiji kama mtu anayepeleka moto kwenye ghala la jirani. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu tuliyaona. Mmoja akaumwa tumbo, mwingine akaambiwa abaki achunge, na kila wiki kulikuwa na dawati jipya lisilo na mtu.

Kisha ikaja asubuhi ya mbogo. Kengele iligongwa, tukaingia, na Paskalina hakutokea. Ilikuwa karibu na mapumziko alipofika, akiwa na udongo usoni na mkwaruzo mrefu mkononi. Alikuwa amepanda mti na kukaa huko mpaka mnyama alipochoka kumngojea. Hakulia. Wakati wa mapumziko alikaa nyuma ya darasa, meno yakigongana, na hakuwa na chakula kwa sababu kilikuwa kimemponyoka njiani. Nilikuwa na kiazi kitamu cha kuchemsha, kikubwa, bado kina uvuguvugu. Nilitazama huku na huku, nikaenda, nikakivunja, nikampa nusu. Alisita. "Mama yako je?" aliniuliza. Nikamwambia, "Kula wewe." Tukala tumekaa bega kwa bega, na ule mkono wake wa baridi nikaushika mpaka ukapata joto. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tulikuwa tumeandika hivyo wiki ile kwenye somo la methali. Jioni nilinawa mtoni mara tatu.

Siku ya nne baada ya hapo Tluway akaanza kukohoa. Ya tano mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila anapohema. Mimi nilikuja kuwa muuguzi, nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na zaidi, na leo ningekwambia kutoka mlangoni kwamba ile ni nimonia, imetokana na moshi na baridi ya nyumba ile. Siku ile nilichoona ni kifo kimefuata nyayo zangu mpaka ndani. Mama alikuwa anafunga kanga aende naye zahanati, kisha akasimama, akanitazama. "Umemgusa?" Nikasema ndiyo. "Umekula naye?" Hapo ndipo ulimi wangu ulipoteleza, au pengine haukuteleza. Nilisema, "Alininyang'anya kiazi changu, akala, akanishika mkono." Maneno yalitoka yenyewe, yamepangika vizuri. Nimejiuliza maisha yangu yote ni nani aliyesema, mtoto aliyeogopa kuchapwa au yule wa pili darasani. Sijapata jibu, na ninaogopa nikilipata.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa tumebaki kumi na mmoja darasani. Baada ya kuhesabiwa namba mama yangu alikuja na wanawake wengine watatu, wakasimama uwanja wa paredi katika ukungu, wamejifunika migongo, bila kupiga kelele. Mwalimu alitoka, akatuita nasi tutoke.

"Mwalimu, hatuna ugomvi na wewe," mama alisema. "Ila mtoto huyu aende kwao. Mwanangu amelazwa zahanati, anahema kwa shida. Huyu alimnyang'anya binti yangu chakula, akamshika kwa makusudi."

Mwalimu alimgeukia Paskalina. "Ni kweli ulimnyang'anya?"

Paskalina hakumtazama Mwalimu. Alinitazama mimi. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa, alinitazama tu kwa utulivu kama alivyotazama ubao alipokuwa anajua jibu. Niliinamisha macho nikatazama vidole vyangu vya miguu, vilivyokuwa na samadi ya Ijumaa kwenye kucha. Nakumbuka Mwalimu akiuliza tena, na hakuna aliyemjibu.

Kumbe baba yake Paskalina alikuwa nje ya ua wa mkonge. Alikuwa ameambiwa, akaja, lakini hakuingia kwa sababu hakutaka kukanyaga uwanja wa watoto wa watu. Alizungumza kutoka pale pale. "Paskalina, chukua daftari zako twende."

"Mzee, utawekwa ndani," Mwalimu alisema. "Na mtihani umebaki wiki tano. Huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza darasani, mzee wangu, nakuomba."

"Nitawekwa, Mwalimu. Lakini sitaki mtoto wa mtu afe, halafu wangu ndiye atajwe."

Paskalina aliingia, akatoka na daftari mbili na penseli, akapita mbele ya wale wanawake, nao wakarudi nyuma kumpisha. Yeye na baba yake walipanda kuelekea msituni, na ukungu ukawafunika kabla hawajafika kwenye miti.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tluway alipigwa sindano siku saba akapona, na mama aliamini amepona kwa sababu tulitenganishwa na hatari. Baba yake Paskalina alikamatwa kweli, akalimishwa barabara wiki mbili. Mwalimu Anaeli alikwenda nyumbani kwao mara mbili kuomba msichana aje afanye mtihani tu, hata peke yake, hata chini ya mti. Mara ya tatu hakwenda. Mke wa Mwalimu naye alikuwa ananyonyesha, na nilimwona kwa macho yangu akichota maji kisima kingine. Nilifanya mtihani nikiwa peke yangu kwenye dawati letu, na matokeo yalipokuja nilikuwa wa kwanza. Kijiji kilinizungumzia mpaka mavuno. Mama alinishonea gauni, na nililivaa siku nilipokwenda sekondari.

Siku hizi nikienda nyumbani naona shule ileile ina sakafu ya saruji na vioo madirishani. Watoto wamevaa sweta zinazofanana, wanakunywa chupa moja ya maji watu sita, na wasichana wanaokwenda sekondari ni wengi kiasi kwamba hakuna anayewazungumzia zaidi ya siku moja. Vijana ukiwatajia metimani wanadhani ni jina la kambi ya watalii. Tluway mwenyewe ni dereva wa watalii, mnene, ana kelele, anapita na gari lake kando ya msitu ule kila wiki kuelekea kreta, na ukungu kwake ni kitu cha kuwaudhi wageni wanaotaka picha. Mimi nafurahi kwamba hofu ile imeondoka, nafurahi kweli. Ila tukikutana tuliosoma pamoja, wanapoanza kucheka viboko na viroboto na kusema tulikuwa na utoto mzuri sana, mimi hunyanyuka nikasaidie jikoni.

Mwaka jana nilikwenda kwa Paskalina. Ameolewa upande wa Daa, ana wajukuu, analima maharage ya ngwara na mahindi, na kwa miaka yote ile hajawahi kuninyima salamu msibani wala harusini. Nilimkuta barazani akichambua ngwara kwenye ungo. Nilikaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu naye na nikamwambia yote, kiazi, swali la mama, na jibu langu, na ile nafasi moja. Nilisema vibaya, kwa kurudiarudia, mwanamke mzima mwenye mvi. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza nilimuuliza jambo ambalo lilinikaa kooni tangu siku ile: Mwalimu alipomuuliza, kwa nini hakusema kwamba nilimpa mwenyewe?

"Nilikuwa nakungoja wewe useme," alinijibu.

Akaendelea na ngwara zake. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuweza kumshika mkono, na hata safari hii niliinamisha macho nikatazama vidole vyangu vya miguu.